Kisukumio cha chapati: kwa nini kifimbo chembamba kinafaa kuliko gogo nene la dukani

Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, habari zenu. Kila mjadala wa chapati unapozuka humu, tunashindana kuhusu unga, kuhusu maji ya moto au ya baridi, na kuhusu mafuta yawe kiasi gani, lakini chombo kinachoamua unene na umbo la chapati yenyewe hatukigusi. Mimi nauza chapati, ndiyo riziki yangu, na vijana kadhaa wamejifunzia kazi hii mezani pangu. Rai yangu ni kwamba kisukumio huchaguliwa kwa kuangalia kazi iliyopo na kibao kitakachotumika, na kwamba kwa chapati zetu za kusukuma kifaa kinachofaa ni kifimbo chembamba cha mti mmoja, kisicho na mishikio inayozunguka. Kile kinene chenye mishikio miwili, kinachouzwa kwa bei kubwa katika maduka ya vyombo, kilibuniwa kwa ajili ya kazi nyingine, na wapishi wengi wanaoanza huingia gharama hiyo bila faida.

Majina sitayabishania. Wapo wanaosema kifimbo cha chapati, wapo wanaosema mti wa chapati, wapo wanaosema mpini, na kila mmoja anaeleweka jikoni kwake. Mimi nitasema kisukumio.

Chanzo cha mkanganyiko, kwa maoni yangu, kiko shuleni. Mtoto anayejifunza majina ya vyombo vya jikoni kwa Kiingereza hukutana na neno rolling pin likiwa na picha ya gogo nene lenye mshikio kila upande, na picha hiyo hukaa kichwani hadi siku anapokwenda dukani na fedha zake mwenyewe. Picha si ya uongo, ila ni ya majiko ya Uingereza na Marekani, ambako kazi kubwa ya chombo hicho ni kutandaza unga wa pai na biskuti juu ya meza pana. Kwingineko duniani sura hubadilika. Wafaransa wana chao kisicho na mishikio, kinene katikati na chembamba miishoni. Waitaliano wanaotengeneza tambi za mayai nyumbani wana mattarello, mti mmoja ambao urefu wake unaweza kukaribia mita 1, kwa sababu wao hutandaza shuka moja kubwa kabla ya kulikata. Waturuki wana oklava, mrefu na mwembamba sana, ambao shuka la unga huviringishwa juu yake ili lizidi kukonda. Wahindi wana belan pamoja na mwenzake chakla, kibao cha mviringo chenye miguu mifupi, na hiki ndicho kilichozaa visukumio vyetu. Pwani ya Afrika Mashariki ilifanya biashara na Bara Hindi kwa karne nyingi, na kati ya 1896 na 1901, reli ilipojengwa kutoka Mombasa hadi Kisumu, vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka India, kwa hiyo si ajabu kukuta kibao kile kile cha miguu mitatu katika majiko ya bara.

Kilichobadilika njiani ni chapati. Ile ya Kihindi ya kila siku husukumwa mara moja kwa unga wa atta, yaani ngano isiyokobolewa, huokwa kavu, kisha hufura juu ya moto. Yetu hukandwa kwa unga mweupe na mafuta, hupakwa mafuta tena, hukunjwa, husukumwa mara ya pili na kukaangwa, kwa hiyo iko karibu zaidi na paratha, ule mkate wa Kihindi wa tabaka unaokaangwa kwa mafuta. Tofauti hiyo inakigusa kisukumio moja kwa moja, nami nitaifikia.

Kwanza tuangalie mikono. Katika kisukumio chenye mishikio, mshikio unatokea katikati ya unene wa gogo. Gogo likiwa na kipenyo cha sentimita 6, mshikio uko sentimita 3 juu ya meza, na vidole vya mtu mzima vilivyoukumbatia vinahitaji karibu nafasi hiyo yote. Gogo likipunguzwa unene, vifundo vya vidole vinasugua meza, na kwa sababu hiyo mtengenezaji hana budi kulifanya nene na zito. Belan ina mishikio pia, lakini imechongwa katika mti ule ule, na kipenyo chake katikati ni kama sentimita 3 au 4 tu. Ukiitumia juu ya meza pana, vidole vinagonga. Ukiitumia juu ya kibao kidogo kilichoinuliwa na miguu, mikono yako inapita nje ya ukingo wa kibao na hakuna kinachogongana. Aliyenunua belan bila kibao chake amenunua nusu ya chombo. Asiye na kibao chenye miguu, naye anasukumia mezani, achukue kifimbo kilichonyooka kisicho na mishikio kabisa na akiendeshe kwa viganja vilivyofunguliwa, bila kukikamata.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Donge langu ni gramu 100. Kilo 1 ya unga, ikishakandwa na maji na mafuta, hunipa karibu kilo 1.6, yaani madonge 16. Donge nalibonyeza kwa kiganja, nalinyunyizia unga kidogo pande zote mbili, naweka kisukumio katikati na kusukuma kwenda mbele, nikiacha kubonyeza kabla kidogo ya ukingo, kisha narudi katikati na kuvuta kuja kwangu kwa namna ile ile. Anayepitiliza ukingo huzifanya pembeni ziwe nyembamba mno, na chapati yake huungua pembeni wakati katikati bado ni mbichi. Mkono wa kulia ukibonyeza zaidi kidogo kuliko wa kushoto, chapati huanza kuzunguka yenyewe chini ya kisukumio, na mviringo hupatikana bila kuigeuza kwa vidole. Hila hii inahitaji mti mwembamba unaougusa kwa kiganja, maana unausikia unga ukitembea. Gogo linalozunguka juu ya ekseli yake hukata mawasiliano hayo, likawa linashuka chini tu kwa uzito wake.

Uzito huo ndio unaoharibu msukumo wa pili. Baada ya kupaka mafuta, kukunja kama mkeka na kuzungusha, donge hupumzishwa, kisha husukumwa tena, na safari hii mkono lazima uwe mwepesi. Ndani ya donge hilo kuna tabaka za unga zilizotenganishwa na utando mwembamba wa mafuta. Ukikandamiza kwa kitu kizito, mafuta yanakamuliwa kuelekea pembeni, tabaka zinashikana, na chapati haichambuki hata ungeongeza mafuta maradufu. Nimeona watu wakibadilisha unga wa kampuni hii kwa ule, wakibadilisha mafuta, wakiongeza sukari na maziwa, ilhali kisukumio chao kina uzito wa karibu kilo moja.

Karibuni mchangie, hasa mafundi seremala, maana suala la mti gani unafaa nimewaachia wenyewe.


Fundi Mkereza

Dada mleta uzi, salaam. Nakereza miguu ya vitanda na viti, na visukumio hutokana na mabaki ya mbao za kazi hizo, kwa hiyo naweza kusema machache.

Jambo la kwanza ni nyuzi za mbao. Kisukumio kizuri nyuzi zake zinakwenda sawasawa na urefu wake kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Nyuzi zikiwa zimepinda au kukiwa na jicho la tawi, mti utapinda kadiri unavyopokea na kupoteza unyevu, maana mbao hutanuka na kunywea zaidi upande wa unene kuliko upande wa urefu, na hutanuka bila usawa pande zote. Kipande chenye moyo wa mti ndani yake ni kibaya kuliko vyote, kwani kitapasuka tu. Tazama mwisho wa kisukumio kabla ya kulipa: ukiona duara ndogo ya kiini katikati na mistari ikiizunguka, kirudishe.

Jambo la pili ni uzito, na dada amelieleza vizuri. Tuchukue kisukumio cha urefu wa sentimita 35 na kipenyo cha sentimita 3.5. Ukubwa wake ni kama sentimita 337 za ujazo. Kikitengenezwa kwa msonobari kitakuwa na gramu 160 hivi, kwa mninga karibu gramu 210, kwa mkongo karibu gramu 270, na kwa mpingo, ambao huzama majini, kitazidi gramu 400. Wateja wengi huuliza mpingo kwa sababu unang'aa na una heshima. Kwa chapati, mimi huwaambia wachukue mninga. Msonobari ni laini, kucha tu inaacha alama, na una utomvu ambao siku ya joto hunata. Mvule ni mgumu na unadumu, ingawa vumbi lake hunifanya nipige chafya na kujikuna, kwa hiyo siupendi karakana kwangu, lakini kisukumio chake kikishapigwa msasa vizuri hakina tatizo. Mninga mbichi unaweza kutoa rangi, basi hakikisha umekauka.

Msisitizo wangu wa mwisho ni kuhusu vanishi. Visukumio vingi vya barabarani hupakwa vanishi ya samani ili ving'ae. Vanishi hiyo hubanduka kidogo kidogo kwa kusuguliwa na unga, na inakokwenda mnakujua. Mwambie fundi aishie kwenye msasa laini na kupaka mafuta. Mafuta ya nazi yanatosha. Mafuta ya alizeti yakikaa juu ya mbao huganda yakawa yananata.

Namna ya kupima unyofu ni rahisi. Kilaze juu ya kioo cha dirisha au juu ya marumaru ya sakafuni, kizungushe polepole, na utazame kama mwanga unapenya chini yake. Kama kinadundadunda, hakifai.


Mama wa Manda

Assalaam aleikum. Mie niko Mombasa, na katika mwezi wa Ramadhani kazi yangu kubwa ni manda za sambusa, kazi ambayo hukijaribu kisukumio kuliko chapati. Ningependa kumrekebisha kidogo dada mleta uzi pale aliposema kifimbo chembamba kinatosha. Kinatosha kwa chapati, ila kwa manda urefu na unyofu ndivyo vinavyotangulia.

Manda hazisukumwi mojamoja. Natengeneza vidonge vidogo, kila kimoja nakisukuma hadi kifikie ukubwa wa kisahani, nakipaka mafuta na kukinyunyizia unga, kisha nalaza kingine juu yake, hadi vifike vitano au sita, cha juu kabisa kikiachwa bila mafuta. Bunda hilo lote ndilo ninalolisukuma kwa pamoja hadi liwe duara pana na jembamba. Nalitia juu ya chuma cha moto kwa muda mfupi tu, nageuza upande wa pili, naliondoa na kuanza kuzibandua manda mojamoja zingali na joto, kisha nazikata na kuzifunika kwa kitambaa zisikauke.

Sasa fikiria bunda hilo likisukumwa kwa kisukumio kinene katikati na chembamba miishoni. Katikati hubanwa, pembeni hubaki nene, na manda ya juu huteleza ikawa kubwa kuliko ya chini. Wakati wa kubandua, za katikati zinachanika. Kisukumio cha manda, kwa hiyo, kiwe na unene mmoja toka mwanzo hadi mwisho, na kiwe kirefu kuliko upana wa bunda, ili ncha zake zisiache mstari juu ya unga. Mie natumia cha sentimita 45, na si kinene. Uzito sitaki, kwa sababu ile ile aliyoitaja dada: mafuta yakikamuliwa, manda hazibanduki.

Kwa mahamri, mtu atumie chochote alicho nacho. Pale kinachohitajika ni unene sawa, ili yafure yote kwa pamoja, na unga wenyewe una hamira ya kusaidia.


Kijana wa Kibanda

Mleta uzi, shikamoo. Nimefungua kibanda hivi karibuni na bado nasukuma kwa chupa ya soda, maana ndiyo niliyoikuta. Nina maswali matatu. Je, chupa ina ubaya gani ikiwa kioo hakinati na ni rahisi kuoshwa? Pili, mara nyingi nikisukuma chapati inajirudisha ndogo, nikisukuma tena inajirudisha tena. Je, hilo ni kosa la chupa? Tatu, kuna mtu ananishawishi ninunue mashine ya kubana chapati ili niachane na kusukuma kabisa. Naomba ushauri kabla sijatoa fedha.


Mleta uzi

Marahaba, mwanangu. Nianze na lile la pili, kwa sababu linawasumbua wengi na kisukumio hakihusiki. Unga wa ngano unapokandwa, protini zake huungana na kutengeneza gluteni, wavu unaovutika na kujirudisha. Ukitoka kukanda moja kwa moja ukaanza kusukuma, wavu huo bado umekaza, na kadiri unavyoulazimisha ndivyo unavyokuvuta nyuma. Funika unga uliokandwa kwa kitambaa chenye unyevu au sufuria iliyofudikizwa, uache upumzike nusu saa. Ukishakata na kukunja madonge, yapumzishe tena dakika 10 hadi 15. Utaona donge linatandazika bila kushindana nawe. Wanaobonyeza kwa nguvu zaidi badala ya kusubiri ndio hao wanaokwenda kununua gogo zito wakidhani ndilo dawa.

Chupa ni kweli hainati sana, nami siwezi kuwacheka wanaoitumia. Ubaya wake ni umbo. Sehemu ya chupa iliyonyooka kabisa ni fupi kuliko upana wa chapati, kwa kuwa upande mmoja kuna mabega na shingo. Kwa hiyo ukifika upana wa sentimita 20 na zaidi, ukingo wa chupa unaanza kuchora mistari, nawe unalazimika kuupitia mstari huo tena, ukikandamiza tabaka ulizozitengeneza kwa jasho. Pia ukiigonga kwenye kikaango cha moto ikapata ufa usiouona, vipande vyake vitakwenda kwenye chakula cha mteja. Fundi wa mtaani atakukerezea kifimbo kutokana na mabaki ya mbao kwa fedha kidogo, na ni afadhali ukampa kazi hiyo leo. Wapo wengine wanaokata kipande cha bomba la maji la plastiki. Hilo sikushauri, halikutengenezwa kwa ajili ya chakula.

Kuhusu mashine, jiulize kwanza unauza chapati ya namna gani. Mashine ya kubana ina mabamba mawili yenye joto, nayo hulibana donge kwa mara moja. Inatoa duara safi na inaokoa mikono, na kwa chapati nyembamba zisizokunjwa inafanya kazi vizuri. Kwa chapati ya kuchambuka, kubana ni kukamua mafuta yale yale tuliyoyazungumza. Ukiwa na wateja wanaotaka chapati laini ya kukunjia mayai au nyama, inunue ikiwa hesabu yako inakubali. Ukiwa na wateja wanaoichambua chapati kwa vidole na kuila na maharage, baki na kifimbo.

Bi wa Mombasa, waaleikum salaam, na nimekubaliana nawe kuhusu unyofu. Hata kwa chapati napendelea kilichonyooka. Kile chenye tumbo katikati kinamsaidia anayejua kukiinamisha ili apunguze pembeni, lakini mikononi mwa anayejifunza hutoa chapati yenye shimo katikati.


Mwalimu wa Mikate

Wana uzi, naomba nilitetee gogo nene, maana limepigwa mawe bila wakili. Nafundisha uokaji, na katika darasa langu kisukumio kizito chenye mishikio ndicho tunachokitumia kila siku.

Fikirini unga wa keki za tabaka, ambao bamba zima la siagi hufungiwa ndani yake kisha husukumwa na kukunjwa mara kadhaa. Unga huo hutolewa kwenye jokofu ukiwa mgumu na wa baridi, na siagi iliyomo lazima itandazike kabla haijayeyuka. Kwa joto la Dar es Salaam mwezi wa Februari mpishi ana dakika chache tu. Kifimbo cha gramu 200 kitamchosha bega, na atakapofika nusu ya kazi siagi itakuwa imeanza kutoka. Gogo zito linaloviringika juu ya gololi zilizofichwa ndani yake hufanya kazi hiyo kwa haraka, na viganja, ambavyo vina joto, havigusi unga wala mti. Ndiyo sababu pia kuna visukumio vya marumaru, kwani jiwe hubaki la baridi. Uingereza ya karne ya 19 walitengeneza hata vya kioo, vyenye uwazi ndani, na mabaharia waliwapelekea wapenzi wao kama zawadi. Nadhani vingi vilitundikwa ukutani kuliko vilivyoguswa na unga.

Katika chapati, tabaka hutenganishwa na mafuta ya maji, nayo hukamulika. Katika keki za tabaka, siagi iliyoganda hukaa mahali pake hata ukibonyeza. Kwa hiyo uzito unaodhuru kule unasaidia huku, na hapo sina ugomvi na mleta uzi. Ninachopinga ni ile dhana ya baadhi ya wasomaji kwamba chombo hicho hakina kazi.

Kuhusu mashine, wazo la kumpunguzia mpishi kazi hii ni la zamani. Mwaka 1884 Judy W. Reed, mwanamke mweusi wa Marekani, alipewa hataza, yaani hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi, ya kifaa cha kukanda na kutandaza unga, ambacho kilipitisha unga kati ya magogo mawili yenye mifereji inayoingiliana. Anatajwa miongoni mwa wanawake weusi wa kwanza kupata hataza nchini humo, na kwenye hati zake alitia alama ya X badala ya sahihi. Mashine za viwandani za kutandaza unga leo hii bado zinapitisha unga kati ya magogo mawili.

Nina nyongeza moja kwa wauza maandazi. Chukueni vijiti viwili vya mbao vyenye unene wa sentimita 1, mviweke kulia na kushoto kwa unga, na kisukumio kirefu kipite juu ya vijiti hivyo. Unga hautaweza kuwa mwembamba kuliko vijiti, na maandazi yote yatakuwa na unene mmoja bila kupimwa kwa jicho.


Kijana wa Kibanda

Nashukuru sana, mama, na mwalimu pia. Swali la nyongeza: nikishapata kifimbo cha mninga, nakisafishaje? Nimezoea kuosha kila kitu kwa sabuni na kuloweka kwenye beseni.


Mleta uzi

Usikiloweke, mwanangu. Mti ukilala majini hunywa maji upande mmoja kuliko mwingine, na ukikauka unapinda au unapasuka kwenye ncha. Ukimaliza kazi, kwangua unga ulioganda kwa mgongo wa kisu, usitumie makali, maana mikwaruzo ndiyo itakayoshika unga kesho. Futa kwa kitambaa chenye maji ya moto na sabuni kidogo, futa tena kwa maji safi, kausha papo hapo, kisha kisimamishe kipigwe na hewa mahali pasipo na jua kali. Kwenye vile vyenye mishikio inayozunguka, unga na maji hujipenyeza kwenye tundu la ekseli, kukawa na kutu na harufu, na mende hupapenda sana mahali hapo. Anayemiliki kimoja akifungue mara kwa mara kama kinafunguka.

Kikiwa kipya, kipake mafuta ya nazi kidogo, kiache usiku kucha, asubuhi ufute yaliyobaki. Baadaye kitapata mafuta ya kutosha kutoka kwenye chapati zenyewe. Kikianza kuwa na vinyweleo, msasa laini unatosha, ukifuata nyuzi zinakokwenda.

Na kama unakatia nyama kwenye meza hiyo hiyo unayosukumia, tenga kibao cha unga peke yake.


Fundi Mkereza

Naongezea kwa kijana. Unapokwenda kwa fundi usiseme tu unataka kisukumio, maana atakukerezea kile cha picha, chenye vishikio na mapambo ya pete, akijua kinauzika. Mwambie urefu wa sentimita 35, kipenyo cha sentimita 3.5, unene mmoja toka mwanzo hadi mwisho, ncha zimeviringwa kidogo, hakuna vanishi. Kama utafanya na manda, mwambie sentimita 45. Na usimame hapo hapo wakati anachagua kipande.


Mama wa Manda

Fundi, cha sentimita 45 kwa mninga unaniuzia kiasi gani, nawe unaweza kukituma Mombasa kwa basi? Changu kimeanza kuacha mwanga katikati, nimekipima leo kwenye marumaru kama ulivyosema.


Fundi Mkereza

Bi, nakuandikia kwa faragha. Ninavyo viwili vilivyokauka vizuri, chagua kimoja, na hicho chako ulichonacho usikitupe. Nikikikata kinatoka kifimbo kizuri cha mtoto wa kujifunzia.